Kiwanja kwanza, ramani baadae

Saivi hapa Unguja ukikaa na mtu anaetaka kujenga, kitu cha mwanzo atakachokuonyesha ni picha kwenye simu. Nyumba ya ghorofa, vioo vikubwa mbele, paa limefichwa kwa ukuta, uwani pevingi tupu mpaka kwa jirani. Picha katumiwa na ndugu yake alieko Muscat au kaiona tu akaipenda, na mchoraji keshaambiwa "nataka hii hii, usibadilishe kitu". Ukimuuliza kiwanja kiko wapi atakwambia bila ya tabu, lakini ukimuuliza maji ya masika yanapita upande gani, jirani wa kusini kajenga umbali gani, eneo lenyewe limepangiwa matumizi gani, hapo anakutazama tu. Na mie siwezi kumlaumu peke yake, mana hata akenda kuomba kibali swali analokutana nalo mwanzo ni michoro iko wapi na nakala ngapi.

Utaratibu wetu umekaa kichwa chini miguu juu. Tunaanza na ramani, tunafata kibali, tunajenga, alafu kiwanja tunakuja kukijua mvua ikishika na godoro lishaloa. Ilitakiwa kiwanja kisomwe mwanzo, ijulikane eneo lile limetengwa kwa jambo gani na sheria zipi zinaligusa, baadae ndo mchoraji ashike kalamu. Na huyo anaetoa kibali alitazame jengo pale litakaposimama, na maji yake na jirani zake, karatasi iwe ushahidi tu wa hayo.

Haya mambo zamani pengine yalivumilika kwa vile ardhi ilikuwepo. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar nzima watu 1,303,569, ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Karibu watu laki sita wameongezeka kwa miaka kumi na visiwa ni vile vile, na wengi wao wanatafuta pahala pa kujenga kuanzia Mwanakwerekwe kwenda mbele, Fuoni, Mwera, Kianga, Bububu mpaka Kisauni na Fumba. Kosa la kiwanja kimoja leo linamgusa jirani siku hiyo hiyo kwa sababu jirani yuko mita mbili.

Mipango tumekuwa nayo, tena mingi. Muingereza Lanchester alitupangia mji mwaka 1923, ukaja mpango mwengine 1958, baada ya Mapinduzi wakaja Wajerumani wa Mashariki na mpango wa 1968, ule ulotuletea flati za Michenzani, alafu Wachina 1982. Kila mmoja ulikua na mazuri yake, sitaki kuubeza hata mmoja, lakini mtu wa kawaida alonunua kiwanja Kianga hajawahi kuonyeshwa kipande cha mpango kinachomuhusu yeye. Mpango wa mji ukikaa kabatini haumzuii mtu kujenga bondeni. Wakati ofisi inachora barabara, fundi keshamwaga jamvi la zege katikati yake, na mwisho wake tunaujua sote, alama ya X nyekundu ukutani na familia inalia.

Na hapa ndipo pakuanzia hasa, matumizi ya ardhi. Baada ya 1964 ardhi yote ikawa ya serikali na wananchi wengi wakapewa eka tatu tatu walime. Mpaka leo kwa Sheria ya Umilikaji Ardhi ya 1992 ardhi ni ya umma, sie tunapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo inakuja na shughuli yake: hii ya kulima, hii ya makaazi, hii ya biashara. Sasa angalia kinachotokea. Mzee kafariki, watoto saba wamebaki na eka tatu za mihogo na minazi, mji umeshawafikia mlangoni, wanakata vipande wanauza. Mnunuzi anapewa karatasi ya makubaliano, mashahidi wawili, sahihi na muhuri wa sheha, yani kiongozi wa serikali pale mtaani, anaondoka anajua kanunua kiwanja. Alichonunua kiukweli ni kipande cha shamba. Kukibadilisha kuwa makaazi ni jambo jengine lenye ofisi zake, na kama lile shamba lote halikupimwa basi hakuna aloacha barabara, hakuna alotenga pahala pa skuli wala mskiti wala mtaro, kila muuzaji kampimia mnunuzi wake kwa miguu akaacha njia ya kupita punda.

Alafu kuna miti. Kwetu mti unaweza kua wa mtu na ardhi ikawa na mtu mwengine, hili watu wa bara linawashangaza lakini sie tumezaliwa nalo. Kwa hivo anaenunua aulize minazi ile ya nani, na Pemba akikuta mkarafuu ndo kabisa asiguse panga, kukata mkarafuu bila ya kibali ni kosa kisheria. Nimeona mchoro umeweka chumba cha wageni juu ya mti ambao wala haukuonyeshwa kwenye karatasi, yani mchoraji hakufika saiti, kapelekewa vipimo vinne kwa WhatsApp akachora.

Sasa nende kwenye maji, mana hili ndo linaloniuma zaidi.

Viwanja vingi vinauzwa wakati wa kaskazi. Januari, Februari, ardhi kavu, mchanga mweupe unang'ara, bei inaonekana nafuu. Mnunuzi anakwenda na dalali asubuhi, anaona uwanda umetanda vizuri hauna hata jiwe, anafurahi hatopasua mwamba. Nilimsindikiza ami yangu kwenda kutazama kimoja namna hiyo huko wilaya ya Magharibi B. Dalali anasifia, ami anasifia, mie nikenda kusimama kwenye nyumba ya jirani. Ukuta wake una mstari wa rangi ya udongo, umekwenda sawa sawa nyumba nzima, juu kidogo ya goti langu. Mlango wa mbele kajengewa kizingiti cha saruji ambacho mtoto mdogo hakiruki, na pembeni ya banda kuna viroba vya mchanga vimepangwa vinasubiri. Nikamwita, "Ami, hebu njoo utazame huku." Akautazama ule mstari, akamtazama dalali, dalali akasema ile ilikua mvua ya mwaka mmoja tu. Alotokea kusema kweli ni mama mwenye nyumba, kachungulia dirishani akatwambia kila masika wanahamia kwa dada yake. Hakuna chombo cha kupimia kilichohitajika pale, macho tu na kuuliza.

Na ule uwanda ulotanda vizuri umetanda kwa sababu ni bonde, maji ndo yalousawazisha. Kwa miaka mingi masika ikishika barabara ya Mwanakwerekwe ilikua ikigeuka bwawa na watu wote tukishangaa kila mwaka, wakati maji yalikua yakenda pale pale yalipokua yakenda kabla hatujazaliwa. Hata mjini ni hivo hivo. Mkono wa bahari ulikua ukipita pale Darajani ukaitenganisha Ng'ambo na Mji Mkongwe, ukafukiwa enzi za Muingereza, leo juu yake kuna barabara na gari na wauza nguo, lakini nenda Mnazi Mmoja siku za bamvu kubwa, maji yakijaa kupita kawaida, uone bahari inavokuja kuulizia pahala pake.

Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme kiwanja ni mita 20 kwa 20, yani mita za mraba 400. Mvua ya milimita 50, na masika mvua hiyo kuipata siku moja si ajabu, inamwaga juu ya kiwanja hicho lita 20,000. Matangi 20 ya lita elfu moja moja, kwa siku, kwako peke yako. Kama umeacha uwa wa mchanga na migomba miwili mitatu, sehemu kubwa inazama. Kama umejenga mpaka mpakani na kilobakia umekitia pevingi, karibu yote inatoka, na inatoka kwa jirani wa chini. Sheria inayosema usijenge kiwanja chote, bakisha sehemu, watu wanaiona ya kuwanyima haki yao, "nimenunua kiwanja kizima kwa nini nijenge nusu", lakini ile nusu ndo inayokunywa maji. Mie ningependa ofisa wa kibali aulize jambo hili kabla hajauliza rangi ya bati: maji ya paa lako yanakwenda wapi? Kama jibu ni kichochoroni, mchoro urudi.

Jengine linalokwenda na maji ni karo, yani shimo la maji machafu ya choo. Kisiwa chetu upande mkubwa, hasa mashariki na kusini, ni jiwe la matumbawe lenye matundu na mapango ndani yake. Fundi anachimba karo, akifika chini akikuta ufa anafurahi, anasema hili halijai maisha. Halijai kwa sababu linamwagika kwenye maji ya chini, yale yale tunayoyavuta kwa kisima, na kwa vijiji vya pwani linatoka baharini kwenye mwani na samaki. Kwa hivo umbali wa karo na kisima, chako na cha jirani, ni kitu cha kuonyeshwa kwenye mchoro wa kiwanja kwa mita, na mkaguzi akalipime shimo kabla halijafunikwa. Ukuta mbaya utauvunja ujenge mwengine, kisima kikishaingia uchafu mtaa mzima unaumwa na hakuna anaejua kumetokea nini.

Na huyo anaejenga uchochoroni afikirie gari ya kunyonya karo itapita wapi. Na ya zima moto. Iko mitaa Ng'ambo jeneza linapita kwa kuinamishwa upande, wabebaji wanapokezana mmoja mmoja, na walojenga hivo hawakua watu wabaya, kila mtu alisogeza ukuta wake futi mbili tu. Umbali wa kuacha mpakani kazi yake hiyo. Na kazi yake nyengine ni sitara, jambo ambalo wazee wetu walilijua vizuri sana kuliko sie: daka, baraza ya kupokelea wageni nje, uwa wa ndani ambao mpita njia hauoni. Leo mtu anaweka roshani ghorofa ya pili inatazama moja kwa moja uwani kwa jirani, wanawake wa nyumba ile hawawezi tena kukaa nje bila ya kujifunika. Ukisoma kiwanja unasoma na madirisha ya walokuzunguka.

Upepo na jua ndo vitu ambavyo Mungu katupa bure na tunavikataa. Tuko kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, Juni linasogea kaskazini, Disemba linasogea kusini kidogo. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unalindwa na upenu tu: upenu wa sentimita 90 mchana wa saa sita Juni unatia kivuli karibu mita moja na nusu ya ukuta wa kaskazini, dirisha zima liko salama. Ukuta wa magharibi hauna dawa hiyo kwa sababu jua la alasiri linaingia chini chini, hakuna upenu unaolikinga. Na bahati yetu upepo umekuja upande huo huo mzuri, kaskazi na kusi, majina yenyewe yanakwambia uweke wapi madirisha. Basi nyumba ndefu iende mashariki na magharibi, milango ya hewa iwe kaskazini na kusini, vyoo na stoo visukumwe magharibi. Hapo unalala bila ya AC miezi mingi. Sasa ile picha ya kwenye simu haijui kaskazini yako iko wapi, ni sawa na kanzu alopimiwa mtu mwengine, na kioo kile kikubwa mara nyingi kinaangukia magharibi kwa sababu barabara iko huko na mwenye nyumba anataka ionekane. Kila mwezi analipa ZECO, shirika letu la umeme, kwa uamuzi ule.

Pwani kuna kanuni ya kutojenga ndani ya mita 30 kutoka maji yanapofika yakijaa. Watu wanaipigia makelele sana, wenye hoteli na wenyeji pia. Kwetu bahari inapanda na kushuka mpaka karibu mita nne siku za bamvu, na ufukwe si ukuta, mchanga unahama na kusi unarudi na kaskazi, pengine haurudi. Mtu akija kupima wakati wa maji mafu, bahari haijai sana, anapata mita zake 30 kwenye karatasi, alafu bamvu la kwanza linamgongea mlango. Anajenga ukuta kulizuia, mawimbi yanagonga ukuta yanachimba kwa jirani, jirani nae anajenga wake, na mwisho mvuvi hana pa kupandishia ngalawa na kina mama wa mwani wanazunguka kilomita kufika pwani. Mie nadhani zile mita 30 sehemu nyengine hata hazitoshi, na kipimo kichukuliwe siku ya bamvu mbele ya sheha na wazee wa kijiji, wao wanajua bahari iliwahi kufika mti gani.

Mji Mkongwe una habari yake. Tangu 2000 umo kwenye urithi wa dunia na hata kabla ya hapo ulikua na mamlaka yake ya uhifadhi, kwa hivo pale kila unachogusa kina ruhusa. Watu wanalalamika ruhusa inachelewa na wana haki ya kulalamika, lakini sababu ya masharti yenyewe iko ukutani. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizipiga plasta ya saruji unyevu unabaki ndani, chokaa inalegea, vichwa vya boriti vinaoza pale vilipoingia ukutani, na nje bado panang'ara. Tena nyumba zimeegemeana, ukichimba msingi wa lifti wewe, anaepasuka ni wa pili yako. Beit el Ajaib, jumba la zamani la Sultani, imesimama tangu 1883 na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, watu wawili wakafariki, na sitaki kuigeuza misiba ya watu kuwa mfano, ila anaeomba kuongeza ghorofa juu ya nyumba ya pale Mkunazini au Malindi akumbuke kwamba chini yake kuna kitu kizee kinachohitaji kupimwa kabla ya kubebeshwa.

Pemba sitoisemea sana, wenyewe wapo na wanajua, lakini kule ardhi ni vilima na mabonde, na bonde ni la mpunga. Anaekata kilima cha udongo mwekundu wima kupata kiwanja, bila ya ukuta wa kuzuia wala mtaro juu yake, anangojea masika tu. Na anaefukia bonde la mpunga kapata nyumba moja, kijiji kimepoteza chakula na njia ya maji kwa pamoja.

Sasa nini kifanyike. Ukurasa wa mwanzo wa fomu ya kibali uwe wa kiwanja, kabla ya michoro kupokelewa: kaskazini iko wapi, maji yanaingia na kutoka wapi, kiwango cha ardhi kwenye pembe nne, miti na mwenye miti, kisima na karo za jirani, umbali wa nyumba zilizopo, upana wa njia ilobakia, na matumizi yalopangwa ya eneo lile. Asojaza hapokelewi. Afisi ya sheha ibandikwe ramani ya matumizi ya ardhi ya shehia yake, kubwa, kwa Kiswahili, mabonde yametiwa rangi, ili mnunuzi akipeleka karatasi ipigwe muhuri sheha amuonyeshe kwa kidole pale anaponunua. Sheha asipige muhuri mauzo ya kiwanja kilichomo bondeni. Hili halihitaji sheria mpya kubwa, linahitaji karatasi, gundi na mtu wa kulisimamia.

Najua nitajibiwa kwamba ujenzi ushakua ghali na mie naongeza mzigo. Kumlipa mtu akupimie kiwanja na akuchoree mchoro wa kiwanja tu, bila ya nyumba, ni pesa ndogo mbele ya kifusi. Muulize alojenga bondeni kamwaga gari ngapi za kifusi kabla hajaanza msingi, kaongeza kozi ngapi za matofali chini ya jamvi, na bado kila mwaka anapaka rangi upya kuanzia gotini kushuka chini. Na mfukiaji mmoja akishainua kiwanja chake, maji yanahamia kwa yule ambae hana pesa za kifusi, kwa kawaida ni mjane au mzee alokuwepo pale kabla ya wote. Yeye hakuomba kibali chochote mwaka huu wala hakuchora ramani, na hakuna fomu hata moja iliyomtaka mtu aende akamuulize. Ukurasa ule nnaousema ungekua na sehemu ya sahihi yake.